Kujaza mishono ya bodi kwa risasi, kama ilivyofanywa viwandani miaka ya 1950

Kwangua rangi ya gari la mwaka 1950 pale paa linapokutana na ubavu wa nyuma. Chini ya praima utakuta kitu cha kijivu, laini, kinachong'aa kama fedha ukikichora kwa ncha ya kisu. Hiyo si puti. Ni risasi, ile metali nzito, iliyochanganywa na bati, na aliyeiweka hapo alishika moto kwa mkono mmoja na mwiko wa mbao kwa mkono wa pili, huku bodi zikimjia moja baada ya nyingine kwenye mkanda wa kiwanda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyohiyo kwenye gari la zamani linalofufuliwa, na kwa nini kila hatua iko pale ilipo.

Kabla ya zana, elewa kwa nini mshono ulikuwepo. Mashine za kukandamiza mabamba hazikutoa ubavu, paa na nguzo kwa kipande kimoja. Hadi katikati ya miaka ya 1930 hata paa la chuma kitupu lilikuwa tatizo, maana bamba pana kiasi hicho halikupatikana kwa urahisi. Sehemu ya katikati ya paa ilizibwa kwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia maji, mpaka General Motors ilipoleta paa la chuma kizima kwenye magari yake ya mwaka 1935. Baada ya hapo bado mabamba yaliungwa: paa na ubavu, nguzo za kioo cha mbele na paa, ubavu na kizingiti cha mlango. Viwanda vya bodi kama Fisher Body huko Michigan, Budd huko Philadelphia na Pressed Steel huko Cowley, Uingereza, viliyabana mabamba hayo kwa kuyachomelea nukta kwa nukta. Mahali pa mshono kingo zilishushwa kidogo zikaacha mfereji, na mfereji ndio uliojazwa risasi.

Kwa nini hawakuchomelea mshono wote na kuusugua? Kwa sababu bamba la bodi lina unene wa karibu milimita 1 tu. Mstari mrefu wa kuchomelea hulikunja, na kulinyoosha kunachukua muda kuliko kulijaza. Risasi ya bodi huwekwa kwa joto lisilofika hata robo ya lile linaloyeyusha chuma. Halafu kuna tanuri ya rangi. Rangi ya kuokwa ilikaushwa kwa joto la takriban nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi, na mchanganyiko huu hauanzi kulainika mpaka nyuzi 183, kwa hiyo bodi ilipita tanurini bila mshono kushuka. Shika namba hiyo ya 183, tutairudia.

Jambo moja linatawala kazi nzima

Risasi haishiki chuma. Bati ndilo linaloshika. (Bati ninalolisema ni ile metali yenyewe nyeupe, si mabati ya kuezekea.) Risasi tupu ukiimwaga juu ya chuma safi itakaa juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, na ikipoa utaing'oa kwa kucha. Bati hujiunga na uso wa chuma na kutengeneza tabaka jembamba sana la metali mbili zilizoshikana kabisa. Risasi kazi yake ni kujaza na kubaki laini muda wa kutosha uiumbe. Kila risasi inayobanduka baada ya mwaka mmoja ilianza kubanduka siku ile bati lilipowekwa vibaya.

Mchanganyiko unaofaa kwa kujaza ni bati asilimia 30 na risasi asilimia 70. Huanza kulainika kwenye nyuzi 183 na huwa majimaji kabisa kwenye nyuzi 255 hivi. Kati ya hapo kuna nyuzi kama 70 ambazo ndani yake si ngumu wala si maji. Inasukumika kama siagi iliyokaa nje ya friji. Kazi yote inafanyika ndani ya nafasi hiyo. Mchanganyiko wa bati 40 kwa 60 huwa maji kwenye nyuzi 238 hivi, na wa nusu kwa nusu kwenye 215 hivi, kwa hiyo nafasi inazidi kufinywa. Waya wa kulehemia redio, wenye bati 60, una nyuzi chache tu kati ya ugumu na umaji: ukiusukuma kwa mwiko unatiririka hadi sakafuni. Usijaribu kujazia bodi kwa waya huo hata kama ndio ulionao mkononi.

Mchanganyiko usio na risasi upo pia madukani, na kwa afya yako ni bora. Mwingi una bati kwa wingi, nafasi yake ya ulaini ni fupi, na ukishapoa ni mgumu zaidi kwa tupa. Kwa mshono mdogo unaweza kuutumia. Kwa nguzo iliyosimama wima, mwenye mikono mipya atapata shida.

Sumu, na namna viwanda vilivyojifunza

Usiiruke sehemu hii. Risasi huingia mwilini kwa njia mbili kuu: vumbi unalolivuta, na vumbi unalolimeza kutoka vidoleni. Mwilini huharibu damu, figo na neva. Dalili zilizojulikana tangu zamani ni maumivu makali ya tumbo, uchovu, weupe wa ufizi na ngozi kwa kupungukiwa damu, na mkono kulegea kwenye kifundo kiasi kwamba mtu hawezi kuuinua. Kwa watoto hata kiasi kidogo hudhuru ubongo, na mfanyakazi aliweza kuibeba hadi nyumbani kwenye nguo zake.

Moto si hatari kubwa kama watu wanavyodhani. Kwenye nyuzi 250 risasi haitoi mvuke mwingi. Hatari huanza inaposagwa. Ndiyo maana kiwandani usagaji ulitengwa kwenye vibanda vilivyofungwa, vyenye feni kubwa za kuvuta hewa, na waliosaga walivaa kofia zilizofunika kichwa kizima na kupelekewa hewa safi kwa bomba. Damu zao zilipimwa. Katika kazi za risasi kulikuwa pia na desturi ya kuwapa watu maziwa kama kinga. Maziwa hayazuii sumu hii, na aliyeyategemea alidanganyika. Marekani ilipoweka kanuni kamili ya risasi kazini mwaka 1978, kikomo cha hewani kilikuwa mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Kiasi hicho hukioni kwa macho. Hewa inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikapita kikomo.

Kwako wewe maana yake ni hii. Usiguse risasi kwa grainda wala mashine yoyote ya msasa. Tumia tupa ya mkono, ambayo hutoa chembe nzito zinazoanguka chini badala ya vumbi linaloelea. Vaa barakoa yenye vichujio vya daraja la P100 au P3. Ya kitambaa haisaidii. Tandika karatasi au plastiki chini ya mshono ili unyoya wote wa tupa, yaani chembe zinazokatwa na meno yake, uudake, uukunje na uufunge. Usifagie sakafu ikiwa kavu. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji. Nguo za kazi zivuliwe hapohapo na zifuliwe peke yake. Usile, usinywe wala kuvuta sigara mpaka umenawa mikono na uso kwa sabuni. Watoto na mama mjamzito wasiingie chumbani mpaka pameshapanguswa. Mabaki ya risasi hayatupwi jalalani. Yapelekwe kwa wanaonunua chakavu cha metali hiyo.

Hatari ya pili ni moto wenyewe. Nyuma ya bamba huwa kuna lami ya kuzuia kelele, sufi, nyaya, na raba za vioo. Vyote vitoe. Tangi la mafuta liondoke kwenye gari, si kufunikwa. Ndoo ya maji na kizima moto viwe karibu, na baada ya kumaliza kaa na gari hilo nusu saa, kwa sababu lami hufukuta kimya kimya kabla ya kuwaka.

Zana na kiasi

Unahitaji vijiti vya risasi ya 30 kwa 70. Rojo la kubatia (la kukipaka chuma tabaka la bati), yaani unga wa risasi na bati uliochanganywa na dawa yenye zinki kloridi. Brashi ya bei ndogo ya kupakia. Vitambaa safi vya pamba, vingi kuliko unavyofikiri. Miwiko miwili ya mbao ngumu. Nta ya nyuki au shahamu ya ng'ombe. Tupa ya bodi. Na chanzo cha moto.

Mwiko uwe wa mbao yenye nyuzi zilizobanana na isiyo na utomvu. Viwandani Marekani walipenda mti wa maple. Mmoja uwe bapa, wenye urefu wa sentimita 20 hivi na upana wa 4 au 5, mwingine uwe na tumbo la mviringo kwa mahali palipobonyea. Piga msasa uso wake hadi uteleze, kisha uupashe moto kidogo na kuusugua nta hadi mbao inywe. Usitumie mafuta ya injini badala ya nta. Yanazuia risasi isigande kwenye mbao, ndiyo, lakini yanaingia kwenye vitobo vya mshono na rangi itayakataa baadaye.

Tupa ya bodi si tupa ya kawaida. Meno yake ni makubwa, yamepinda kama mwezi mchanga, na yako mbalimbali ili unyoya utoke. Ya kawaida ina urefu wa sentimita 35. Tupa ya meno madogo hujaa risasi kwa misuguano mitatu. Ukiipaka chaki kabla ya kuanza, hata ile ya bodi huchelewa kuziba.

Kwa moto, mwanzoni tumia tochi ya gesi ya propeni inayovuta hewa ya kawaida. Mwali wake ni mpana na mpole. Mafundi wengi wa viwandani walitumia asetilini, lakini ikichanganywa na oksijeni lazima mwali uwe laini, asetilini ikizidi kidogo, na usitumie ncha ile nyembamba ya kuchomelea. Inatoboa joto mahali pamoja na bamba linajikunja kabla risasi haijalainika.

Kiasi unaweza kukihesabu. Mchanganyiko huu una uzito wa karibu gramu 9.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Mshono wa urefu wa sentimita 30, upana wa 5, na kina cha wastani cha milimita 2, una sentimita za ujazo 30, yaani gramu 290 hivi. Ongeza theluthi ya kupiga tupa na matone yatakayoanguka: andaa gramu 400. Kwa pande mbili za gari na nguzo mbili za mbele, kilo 2 zitatosha na kubaki.

Kuandaa chuma

Kwanza bainisha kilichopo. Sumaku haivutwi na risasi, kwa hiyo ikishika kwa unyonge juu ya mshono, chini kuna ujazo mnene. Puti ikikwanguliwa hutoa unga. Risasi hutoa unyoya unaong'aa. Kama risasi ya kiwanda bado imeshika na haina kutu kwenye kingo, iache! Kuitoa ili uweke mpya ni kujitafutia sumu bure. Itoe tu pale rangi inapoinuka, pale kutu inapochungulia, au pale bamba linapobadilishwa. Kuitoa, pasha moto polepole na uisukume kwa mwiko au brashi ya waya ikiwa laini, idondokee kwenye trei. Usiipige mchanga wa hewa. Hilo ndilo vumbi baya kuliko yote.

Na jihadhari na tanuri. Bodi yenye risasi ya zamani ikipelekwa kupakwa rangi ya unga, ambayo hukaushwa kwa nyuzi 180 hadi 200, itarudi na mishono iliyoshuka. Namba ni ileile: 183.

Sasa bamba. Ligonge na kulinyoosha mpaka libaki na upungufu mdogo kabisa. Risasi ni ya kujaza milimita 2 au 3. Milimita 6 ni mwisho. Kugonga bamba ni kazi ngumu kuliko kujaza, na hapo ndipo wengi hudanganya, kisha wanabeba kilo za risasi zinazopasuka kwenye kingo gari linapotikisika. Mshono wenyewe uwe umechomelewa barabara: ukicheza, hakuna ujazo utakaoutuliza.

Ondoa rangi na kutu mpaka chuma kiwe cheupe, na uende sentimita 3 hadi 5 nje ya eneo litakalojazwa. Madoa meusi ya kutu yaliyozama kwenye vishimo ndiyo adui. Bati litayaruka na kuacha visiwa. Brashi ya waya, msasa namba 80, na kwa vishimo asidi ya kuondolea kutu kisha maji mengi. Maliza kwa kufuta grisi kwa kiyeyushi, ukitumia kitambaa kimoja kulowesha na kingine kukausha. Baada ya hapo usiguse kwa vidole.

Kubatia

Koroga rojo vizuri, maana unga hutuama chini. Paka tabaka jembamba lisilo na mapengo, na uvuke ukingo wa eneo la kujaza kwa sentimita 2 au 3. Pasha moto kwa kusogeza mwali wakati wote, ukianza mbali kisha ukikaribia. Kwanza maji ya dawa yatachemka. Kisha rojo litageuka kahawia, na ndani ya uji huo utaona vitone vya fedha vikijitokeza. Hapo hapo, mwali ukiwa bado unapita pembeni, futa kwa kitambaa safi kwa mkono mmoja mwepesi, upande mmoja tu, si kwa kuzungusha. Kinachobaki ni ngozi nyeupe yenye kung'aa, kama kioo kilichopumuliwa.

Ukifuta mapema, vitone havijaungana na chuma na vitatoka na kitambaa. Ukichelewa, dawa inaungua na kuwa masizi meusi magumu, na chini yake chuma kinashika oksidi. Kikitokea hivyo usiongeze rojo juu yake. Acha kipoe, safisha hadi chuma, anza tena sehemu hiyo. Fanya eneo la ukubwa wa viganja viwili kwa mara moja.

Kisha kagua kwa taa iliyoshikwa kando. Kila doa la kijivu lisilong'aa ni mahali ambapo risasi haitashika. Rudia madoa hayo. Halafu osha kwa maji ya moto na kitambaa kuondoa chumvi za dawa, hasa ndani ya mshono ambako mabamba yamelaliana, na ukaushe kwa mwali mwepesi. Dawa ikibaki katikati ya mabamba itachemka utakapojaza na kutoboa vitundu kama vya mkate. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya vitundu, wala si ubaya wa risasi.

Kujaza

Weka nta kwenye bakuli la bati karibu na mkono wa mwiko. Pasha eneo lililobatiwa mpaka ng'aro lake liwe la majimaji, kisha leta ncha ya kijiti ndani ya mwali. Ncha itaanza kuinama. Ikandamize kwenye bamba, izungushe, ivute: donge la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba linabaki. Weka donge jingine kando yake, na jingine, mpaka mfereji wote umefunikwa. Kwenye nguzo iliyosimama anza chini, ili madonge ya juu yapate pa kukaa.

Sasa mwiko. Uchovye kwenye nta, sogeza mwali juu ya madonge kwa mwendo wa duara, na utazame uso wake. Risasi baridi ina uso wa kufifia. Inapokaribia, uso unakuwa laini na donge linalegea mabegani. Hapo ndipo pa kusukuma. Uso ukianza kung'aa na kutetemeka kama zebaki, umepita. Ondoa mwali na usubiri sekunde chache. Sukuma kwa uthabiti kuelekea upande mmoja, mwali ukitangulia mbele ya mwiko, si juu ya mwiko. Mbao ikianza kukauka na kushika, nta tena. Mwiko ulioungua huacha makaa ndani ya risasi, kwa hiyo uso ukigeuka mweusi upige msasa kabla ya kuendelea.

Risasi ikikatika na kuonyesha chembe kama sukari guru, ni baridi. Usiilazimishe, maana inakuwa na nyufa ndani. Bamba lenyewe linakupa ishara nyingine: chuma kitupu pembeni kikigeuka rangi ya majani makavu kiko kwenye nyuzi 220 na kitu, kikigeuka bluu kimefika 300 hivi, na kufikia hapo risasi ilishakuwa maji zamani na bamba limeanza kutanuka. Bamba la bapa likipashwa kupita kiasi hutoa tumbo, na likipoa linabonyea na kurudi kwa mlio kama kopo la mafuta. Kwa hiyo fanya sentimita 15, pumzika, endelea. Usipashe sehemu ileile mara kumi. Kila mara bati la juu linaungua na kuwa majivu, na kinachobaki kinazidi kuwa kigumu kukiumba.

Jaza juu kidogo ya usawa, milimita 1 hivi, na upeleke ukingo uishe taratibu juu ya sehemu iliyobatiwa. Ukingo usiachwe kama ngazi.

Acha ipoe yenyewe. Kumwagia maji huokoa dakika na kukunja bamba.

Hapa inafaa kukumbuka tofauti yako na mtu wa kiwandani. Pale kazi iligawanywa: mmoja alibatia, wengine walijaza, wengine walisaga, kila mmoja kituo chake, na bodi iliondoka iwe imekamilika au la. Kasi ya mkanda ilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa yaliyowafanya wafanyakazi wa General Motors huko Flint, wakiwemo wa viwanda vya Fisher Body, kukaa ndani ya viwanda na kukataa kutoka tangu tarehe 30 Desemba 1936 hadi 11 Februari 1937. Ukikuta chini ya rangi ya gari lako mshono wa kiwandani wenye vitundu, au risasi nene upande wa kushoto na nyembamba upande wa kulia, usimlaumu fundi kwa uzembe. Hakuwa na dakika ya ziada. Wewe unayo, itumie kwenye kubatia.

Kupiga tupa

Anza kwenye kingo, ukielekea katikati. Chuma ni kigumu kuliko risasi kwa mbali. Ukianza katikati, tupa itachimba shimo kwenye risasi kabla haijagusa chuma, na utakuwa umeunda bonde. Shikilia tupa kwa pembe ya kama nyuzi 30 na mwelekeo wa msuguano, mgandamizo mwepesi, ukisukuma kwa urefu wote. Badilisha mwelekeo mara kwa mara ili mistari ikatane. Mahali mistari isipofika ni chini, mahali inapojaa ni juu. Ipapase pia kwa kiganja kilichovaa glavu nyembamba, macho yamefumbwa. Kiganja huona zaidi ya jicho kwenye kijivu hicho.

Palipo chini, futa nta kwa kiyeyushi, pasha, ongeza donge. Risasi hushika risasi safi bila kubatia upya. Ukifikia chuma kilichobatiwa na ng'aro likaanza kutoweka, simama, umefika.

Jaribu kingo kwa ncha ya bisibisi butu. Ikiinuka hata kidogo, bati halikushika, na dawa ni kuyeyusha sehemu hiyo na kuanza upya, wala si kuifunika kwa puti. Umalizio ni msasa namba 80 kisha 120 juu ya kibao kirefu, kwa mkono na kwa maji ili vumbi lisiruke.

Kuosha kabla ya rangi

Rangi inayofura wiki tano baada ya kazi nzuri imetokana na mambo mawili: asidi ya ile dawa ya rojo la kubatia, na nta au shahamu. Osha kwa maji ya moto yenye magadi soda, vijiko viwili vya chakula kwa lita, ukisugua kwa brashi ya nailoni hadi ndani ya mfereji na upande wa nyuma wa bamba. Suuza mara mbili. Kausha kwa mwali mwepesi hadi joto la kiganja. Kisha kiyeyushi cha kuondoa nta, mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya, ukifuta kabla hakijakauka chenyewe.

Paka praima ya epoksi siku hiyohiyo, kwa kuwa chuma kilichooshwa kinashika kutu usiku mmoja. Kama kuna mikwaruzo midogo ya kurekebisha, puti iwekwe juu ya epoksi, si juu ya risasi tupu. Upande wa nyuma wa mshono, ambao kiwandani mara nyingi uliachwa bila kinga, upake praima na kisha nta ya kuzuia kutu. Maji huingia kwa nyuma, na kutu iliyoanzia huko ndiyo iliyoinua mishono mingi ya magari ya miaka hiyo.